Nakala kwa Mhusika

Katika kampuni ya baba yangu mimi nilikuwa watu watano. Nilikuwa mapokezi, nilikuwa mauzo, nilikuwa uhasibu, nilikuwa idara ya utumishi, na ikibidi nilikuwa msaidizi wa mkurugenzi, ingawa mkurugenzi mwenyewe hatukuwa naye. Wote watano tulikaa kwenye stuli moja, kati ya meza ya kukatia na pasi, tukanywea chai kikombe kimoja. Msinicheke. Ilikuwa kazi, niliifanya vizuri, na sikuhisi chochote.

Kampuni yenyewe ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kina cherehani mbili, ovaloki moja ya kufungia kingo za vitambaa, inayopiga kelele kama ina ugomvi na mtu, na dirisha pana lenye kaunta ya mbao, ambapo wateja huegemeza viwiko na kusema zipu imekwama. Cherehani ya dirishani ni ya Baba. Ya ukutani ni ya Mama Pacha, mjane mwenye watoto mapacha na mdomo usiolala. Baba ana miaka sitini na minane, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameikalia cherehani ile ile.

Kabla ya hapo mimi nilikuwa sauti. Miaka kumi na mmoja nilikaa mapokezi ya kampuni kubwa ya kweli, ghorofa nzima, viyoyozi vya kuumiza mifupa. Siku moja wakaniingiza kwenye kichumba chenye sponji ukutani, wakanipa karatasi nisome: kwa mauzo bonyeza moja, kwa malalamiko bonyeza mbili, simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali subiri. Nikasoma vizuri, nikapigiwa makofi. Wiki mbili baadaye nikapewa barua. Yaani nilijichimbia kaburi kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa matamshi safi.

Wenzangu walioachishwa walilia, walitukana, mmoja alianguka kwenye ngazi. Mimi nilikufa ganzi tu. Miezi minne nilikuwa naamka, naoga, nakaa kwenye kochi la wazazi wangu, napiga namba ya ile kampuni, najisikiliza nikijiambia nisubiri, nasubiri. Mama akachoka.

"Wewe umegeuka kabati," akaniambia. "Nenda dukani kwa baba yako, angalau ukae penye watu."

Akaniambia na la pili, huku anakamua nguo na hanitazami. Kazi dukani ilikuwa inakwisha. Sare za shule, zilizotulisha na kutusomesha, siku hizi zilikuwa zinakuja tayari kwenye mifuko ya plastiki, zimenyooshwa kwa kadibodi. Zilikuwa zimebaki zipu na pindo. "Baba yako akikosa pa kukaa ashone, hamalizi mwaka," Mama alisema. "Mimi namjua. Yule hajui kupumzika. Mkimpumzisha mmemzika."

Nikasema sawa. Niliyapokea maneno yale kama unavyompokelea jirani mzigo wake, ukauweka kando ya mlango.

Sasa, hospitali mpya upande wa pili wa mji ilikuwa imetoa tangazo gazetini. Walitaka mtu wa kuwashonea mashuka na majoho ya upasuaji, mwaka mzima, na mtu huyo awe "kampuni yenye muundo kamili". Baba alilikata lile tangazo kwa mkasi wake wa vitambaa. Mkasi ule sisi watoto tulichapwa kwa kuukatia karatasi. Hapo nikajua ana haja kweli.

Akalilaza mbele yangu, akalisawazisha kwa kiganja. "Wewe umekaa kwenye kubwa," akasema. "Hebu niambie. Kubwa ikoje?"

"Kwanza, haina mimi," nikamwambia. "Kwenye kubwa hakuna mtu anayesema mimi. Ni sisi. Tumepokea, tunasikitika, tutawajulisha."

"Sisi nani?"

"Sisi tu, Baba."

"Haya. La pili?"

"La pili, simu ikiita usishike."

"Nipo, nimekaa, simu iko mkononi mwangu, nisishike?"

"Iache iite mara nne. Mkubwa hapatikani upesi."

"Huo si ujeuri?"

"Ndio ukubwa wenyewe."

Mama Pacha alicheka mpaka akashona kidole cha glavu ya mteja. Mama yetu, aliyekuwa ameleta chai, hakucheka. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema.

"Ndiyo maana mimi ni fundi," Baba akamjibu. "Nitaipunguza kiunoni."

Basi tukaanza. Tuliipa kampuni jina, Mshono Imara, nikachora kichwa cha barua, nikachongesha mihuri miwili. Mlango wa stoo, mnamokaa ufagio na majora ya kitambaa, nikaubandika karatasi: UHASIBU. USIINGIE BILA RUHUSA. Nikamfundisha Baba na lugha ya barua. Ile "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" ilimkuna sana. Wiki nzima hakusema kingine. Mteja akileta suruali, Baba anaitandaza kauntani, anamwambia kwa uso mkavu, "Ndugu, husika na suruali yako hapo juu." Mama akimwita kula, anasema amepokea na analifanyia kazi. Nilikuwa naona kuwa inachekesha. Nilikuwa naona tu.

Mtu wa hospitali aliyetupigia baada ya kupata maombi yetu alikuwa afisa wa manunuzi, mwanamke mwenye sauti ya chini. Sisi tulimwita Bibi Manunuzi. Nikimpokea mimi wa mapokezi nilikuwa laini. Akitaka mauzo, nilikuwa nasema haraka haraka kama mtu mwenye wateja kumi mlangoni. Akitaka uhasibu nilikuwa nasemea puani, kwani wahasibu wote niliowajua walikuwa na mafua. Kuhamisha simu ni kuikandamiza kifuani na kuongeza sauti ya redio ili asubirie muziki. Siku moja alimsubiri mhasibu wetu huku akisikiliza tangazo la dawa ya panya, tangu mwanzo hadi namba za wauzaji. Hakusema kitu. Watu wamezoea kusubirishwa na chochote.

Wakataka sampuli. Baba alishona joho moja kwa siku tatu. Aliukunja kila mshono mara mbili, usibaki uzi wa kuchomoza wala pa kujificha uchafu, na kamba za mgongoni akazipigia msalaba ili zikivutwa zisiachie. Bibi Manunuzi alipiga siku aliyolipokea. "Huyo fundi wenu," akasema, "mshono kama huu sijauona siku nyingi."

"Asante, tutamfikishia," nikasema. Baba alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye goti langu.

Niwaambie na jambo la mkono, kwa sababu ndilo lenyewe. Mkono wa kulia wa Baba ukiwa hewani ulikuwa unatetemeka. Ukishashika kitambaa ulitulia. Kutunga uzi kwenye sindano ndipo palipokuwa na shida, alijaribu mara tatu, mara nne, akisingizia mwanga. Lilianza mwaka uliopita. Nyumbani tulikuwa tunamjazia kikombe nusu, na hakuna aliyesema kwa nini.

Bibi Manunuzi akaandika kuwa anakuja kukagua, na anataka kuona joho likishonwa mbele ya macho yake. Hapo ndipo mambo yalipopinda. Kampuni lazima iwe na mkurugenzi wa kumpokea mgeni. Nikimvika Baba koti la mkurugenzi, nani atashona? Mama Pacha alikuwa bado hajaiweza shingo ya lile joho. Kwa hiyo tukamwazima jirani yetu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Mheshimiwa. Alikuwa na kitambi na koti, na tulichohitaji kilikuwa ndicho hicho. Baba tukamfanya mfanyakazi. Nilimwandikia kibandiko cha kifuani: FUNDI 2.

"Fundi wa kwanza nani?" Baba akauliza.

"Mimi hapa," Mama Pacha akasema. "Nisalimie kwa heshima."

Siku ilipofika Bibi Manunuzi alikuja na viatu vya chini na kalamu moja. Alikuwa mfupi, mpole, hana makuu. Mheshimiwa alimpokea kwa hotuba. Yeye akasema asante, akaenda moja kwa moja kwenye mishono, akaipitishia ukucha. Akasoma faili letu ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaenda kusimama nyuma ya Baba.

Uzi ulikuwa umekatika. Baba akalamba ncha, akanyanyua mkono. Akakosa. Akalamba tena, akakosa. Mara ya nne mkono ulitetemeka hadi kibandiko kikachezacheza kifuani.

"Mzee, una miaka mingapi?" Bibi Manunuzi akauliza.

Baba alimtazama kwanza Mheshimiwa, kama vibarua wanavyomtazama msimamizi, kuomba ruhusa ya kusema. Sikumfundisha hilo. Alilitoa wapi sijui. Ndipo akasema, "Sitini na minane."

"Ah, huyu tumemhifadhi tu, mama," Mheshimiwa akadakia, jasho likimtoka. "Huruma. Hana pa kwenda."

Bibi Manunuzi akamvuta Mheshimiwa pembeni, ila chumba ni kimoja, pembeni ni wapi? Tulimsikia sote. Alisema mshonaji wao wa zamani aliacha kipande cha sindano ndani ya joho, kikamwingia muuguzi mkononi, na aliyesaini mkataba ule hana kazi leo. "Sina ubaya na mzee wa watu," akasema. "Lakini nimeona, siwezi kusaini kana kwamba sijaona. Mtu mwenye mkono ule asiguse kazi yetu. Nataka barua ya kumwondoa iwe kwenye faili kabla ya wiki kuisha." Akafungua faili letu tena. "Na hili nalo limenishangaza. Kampuni yenye idara zote hizi, haijawahi kuachana na mtu hata mmoja?"

Alipoondoka, Mheshimiwa alivua koti lake, akalikunja, akaondoka bila kumtazama Baba. Mama Pacha akafyonya hadi nje wakasikia.

Baba ndiye aliyesema kwanza. "Haya, idara ya utumishi," akaniambia, na alikuwa anacheka, nakuapieni alicheka. "Fanya kazi yako. Ni karatasi ya faili tu. Mimi nitahamia uhasibu, nitashonea humo. Humo si hawaingii bila ruhusa?"

Tukacheka. Tukakubaliana hivyo. Baba akaenda kuoga mapema, Mama Pacha akafuata watoto, nikabaki mimi na mashine ya kuchapia.

Sikuitunga ile barua. Nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno, barua yangu mwenyewe. Nilibadilisha sababu tu. Yangu ilisema mabadiliko ya mitambo. Yake niliandika hivi:

"YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA YAKO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunasikitika kukuarifu kuwa, baada ya tafakuri ya kina, tumeona mikono yako haina tena utulivu unaohitajika katika kazi hii. Hali hii imeonekana kwa kipindi kirefu. Tunathamini mchango wako na tunakutakia kila la heri."

Vidole vilikwenda vyenyewe. Chini nikaweka kama inavyowekwa: Nakala, Jalada. Nakala, Mhusika. Nikachapa mbili, nikazigonga muhuri. Moja nikaitia kwenye faili, nikampa kijana wa pikipiki alipeleke hospitali jioni ile ile. Ya pili nikaikunja mara tatu, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika NDUGU na jina kamili la baba yangu kwa herufi kubwa, nikaibana chini ya mguu wa cherehani yake.

Kwa nini? Nimejiuliza mara mia. Kwa sababu barua ya kumwachisha mtu kazi ina nakala, na nakala inakwenda kwa mhusika. Mtu aliyefundishwa kazi hufanya kazi. Nilifagia nyuzi, nikafunga dirisha, nikaenda zangu, na moyoni hamkuwa na kitu kabisa.

Asubuhi nilipofika nilimkuta Mama Pacha peke yake. Cherehani ya dirishani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa chake, kile cha sikukuu. "Mzee alifungua," akaniambia. "Akakaa, akasoma kitu. Akafunika cherehani, akanipa funguo. Nikamuuliza, mzee unaumwa? Akasema hapana, nimepata barua." Akanikazia macho. "Wewe umefanya nini?"

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, barua iko gotini.

"Baba, ile ni ya faili," nikasema.

"Najua. Ya faili iko kwenye faili. Hii ni yangu. Ina jina langu."

"Tulikubaliana ni mchezo."

"Tulikubaliana uandike," akasema. "Hatukukubaliana uandike kweli." Akaweka kidole kwenye mstari, na kidole kikacheza juu ya maneno. "Hali hii imeonekana kwa kipindi kirefu. Imeonekana na nani?"

Ikanitoka kabla sijafikiri. "Na sisi."

"Tangu lini?"

Nikafikiria vikombe vya chai. "Tangu mwaka jana."

Akaikunja barua kwa mikunjo ile ile niliyoikunja mimi. "Kumbe mlikuwa mnanistahi," akasema. "Asanteni."

Mtu mwingine angelia pale. Angepiga magoti, angeichana ile karatasi. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaza kuwa dukani simu itakuwa inaita. Nikarudi. Ilikuwa inaita kweli. Nikaiacha iite mara nne, nikashika, "Mshono Imara, habari za asubuhi, tukusaidie nini?" Alikuwa Bibi Manunuzi. Barua imefika, faili limekamilika, tumepata kazi.

Tukawa wakubwa kidogo kidogo, si kwa karatasi tena. Tuliongeza mashine mbili na mafundi wawili, dada wawili wenye macho mazuri na mikono ya chuma, Mama Pacha akawafundisha ile shingo ya joho maana alikuwa ameshaiweza. Mashuka yalitoka kwa mafurushi. Hakuna aliyekaa dirishani. Mteja akiuliza mzee yuko wapi, nilisema hayupo kwa sasa.

Jioni ya siku aliyoisoma barua nilikwenda kumwambia Baba stoo iko tayari, nimemtolea ufagio na majora. Akakataa. "Kampuni ikishaandika, imeandika," akasema. Kila asubuhi alivaa, akafunga kamba za viatu kwa muda mrefu sana, akakaa sebuleni karibu na mlango. Saa ya kufunga duka ikifika, alivua. Alifumua mapazia yote ya Mama, akayashona upya kwa mkono, mishono ikaenda kombo, akayafumua tena. Alikonda. Kila nikirudi aliniuliza neno moja, "Mmepeleka?" Nikimjibu tumepeleka, anatikisa kichwa, basi.

Mama alinikamata jikoni. "Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia mkimpumzisha mmemzika. Anakula kama anayelipa faini. Usiku anashona hewani, natazama vidole vyake juu ya shuka. Unafanya nini wewe?"

"Tunalifanyia kazi, Mama."

Alinitazama muda mrefu, sufuria mkononi. "Mimi ni mama yako," akasema. "Si mteja wako."

Wiki ya sita, saa nne za asubuhi, mafundi wote wanakimbiza furushi la hospitali, kaunta ina watu, nikaona bahasha imewekwa kati ya suruali mbili. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya karatasi ile ya kahawia ya kuchorea vipimo, na badala ya gundi ilikuwa imefungwa kwa uzi, imeshonwa pande tatu. Nikaikata kwa wembe. Nikaisoma kama ninavyosoma barua zote: tarehe, anwani, kichwa cha habari.

"Kwa Idara ya Utumishi, Mshono Imara. YAH: OMBI LA KAZI YOYOTE. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Nimesikia kampuni yenu imekua na nimefurahi. Naomba kazi yoyote isiyotaka mkono uliotulia. Naweza kukata nyuzi zilizobaki. Naweza kupanga vifungo kwa rangi. Naweza kufagia, na pembe zote za chumba hicho nazijua. Sitakaa dirishani. Mkipata wageni nitatoka nje. Ujuzi wangu ni miaka arobaini na mmoja, lakini naelewa hauhitajiki. Mdhamini: binti yangu, yuko hapo hapo mapokezi. Ananifahamu. Wako mtiifu."

Na sahihi, imetetemeka toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilishachukua muhuri wa IMEPOKELEWA. Nilishaugonga, wino bado mbichi juu ya jina lake, ndipo macho yakarudi kwenye mdhamini. Ananifahamu. Iliniuma. Sijui niseme vipi zaidi, iliniuma kifuani na tumboni na kwenye meno, ikaniuma yote kwa pamoja, ya kwake na ya kwangu na ya ile karatasi niliyosomeshwa kwenye kichumba chenye sponji. Nikalia. Si kilio cha leso, nililia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyebanwa na mlango. Mama Pacha akazima cherehani. Wale dada wawili wakazima zao.

Nikanyanyua uso, nikamwona. Alikuwa kwenye foleni, nyuma ya mwanamke mwenye sketi ya kupunguza, amevaa shati lililopigwa pasi, kofia mkononi. Alikuwa amesubiri zamu yake kama watu wote. Akaniona ninavyolia na karatasi ninayolilia, akaelewa alivyoelewa.

"Usilie, mama," akaniambia kwa upole. "Najua si wewe. Ni kampuni."

Akavaa kofia, akamwachia nafasi aliyekuwa nyuma yake, akaenda zake.

Niliruka kaunta. Nina miaka thelathini na tisa na sketi ya kubana, niliruka kaunta mbele ya wateja, kiatu kimoja kikabaki ndani. Nikamfikia kwenye kona ya barabara, nikaushika ule mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili. Ukawa unatetemeka ndani ya yangu, nami natetemeka, sikujua upi wa nani.

"Baba, rudi."

"Kufanya kazi gani?"

"Kazi yako. Kaa pako, dirishani."

"Na yule mama wa hospitali?"

"Leo nampigia. Nitamwambia duka ni lako na mkurugenzi tulimwazima kwa jirani. Nitamwambia lile joho alilolisifia ni lako. Majoho yake washone wale dada, wewe hutayagusa. Lakini mahali pako ni pako, akipenda asipende."

"Atawanyang'anya kazi."

"Atunyang'anye."

Baba alitazama mguu wangu mtupu kwenye vumbi, akatazama nyuma kule tulikotoka, dirisha wazi, watu wamejazana kauntani, hakuna wa kuwahudumia. Uso ukamkunjamana vile ulivyokuwa ukikunjamana zamani akitukuta na mkasi wake.

"Sasa duka umemwachia nani?" akauliza kwa ukali, na akatangulia kurudi.